Stesheni Zote Zilinyamaza

Nkirote, mwari wakwa, binti yangu,

Usishangae kuona herufi zimelala upande kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Hii barua nimeiandika kwa mkono wangu. Mwalimu wa kanisa alitaka kunishikia kalamu, akasema, "Mzee, wewe sema tu, mimi nitaandika." Nikamkatalia. Maneno haya hayawezi kupitia mdomo wa mtu mwingine. Shule niliachia darasa la tatu, hiyo unajua, lakini katika hilo darasa hakuna aliyenishinda kuandika, na wale walionishinda walishakufa.

Mambo ya sweta na dawa ya tumbo sitakuandikia. Mama yako anayajua kuliko mimi. Wala sitakuambia umwogope Mungu na uwe mwangalifu na watu wa Uhindi. Wewe ni mwalimu, umefundisha watoto wa watu huko Embu, umekaa peke yako katika chumba chako hapo Embu, mtaa wa Dallas, na hakuna siku hata moja niliyoletewa neno baya juu yako. Mimi nina jambo moja. Jumapili uliniuliza swali mezani nikakujibu. Lile jibu si kweli. Kesho usiku unapanda ndege kwenda Uhindi kusomea jua, na mama yako hajakutemea mate ya baraka mikononi. Sisi ni watu wa kanisa, lakini wewe mwenyewe niambie, ni nani wa kwetu amewahi kuvuka maji makubwa mzazi akiwa amempa mkono mkavu, mkono wa kuagana na mgeni? Jumapili mama yako alikupa mkono huo. Nilimwona. Na kosa lilikuwa langu.

Wacha nianzie mbali kidogo, nikianzia karibu nitaogopa.

Ile redio niliinunua kwa pesa ya miraa, wakati miti yangu ilikuwa inazaa kama imetukanwa. Upande wetu wa Kianjai mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuwa na redio ya kushika dunia nzima. Wengine walikuwa na vile viredio vya kushika Nairobi, tena Nairobi yenyewe ikija inakohoa, kwa sababu hii milima ya Nyambene inakaa njiani kama ng'ombe mkaidi. Yangu ilikuwa na mita bendi, zile safu za stesheni, zimepangwa kama ngazi, ina kishale chekundu, na ina koti la ngozi lenye vifungo. Nikiivalisha lile koti na kuitia begani, nikapita sokoni, hata askari wa chifu alikuwa ananipisha. Usicheke. Alikuwa ananipisha kweli.

Lakini watu hawakuja kwangu kusikiliza London. Walikuja kusikiliza vifo. Siku hizo simu haikuwepo, na barabara ya Embu ilikuwa tope tupu, basi likikwama njiani pale Mutonga abiria wanalala huko na kuku wao. Mtu akifa mbali, ndugu wanakwenda kutangaza kwenye redio, na tangazo linasomwa baada ya habari za saa saba mchana. Basi ikikaribia saa saba uwanja wangu unajaa. Wanawake na watoto mgongoni, wanaume na panga mkononi, wote kimya. Nainua mkono, hakuna anayekohoa. Mtangazaji anasoma Kiswahili chake cha haraka, akimaliza nawageuzia kwa Kimeru. Nawaambia ni nani, wa nani, anazikwa wapi. Na kwa sababu mtangazaji alikuwa anasoma kavu kavu, mimi nilikuwa naongeza kidogo. Naongeza "mzee aliyependwa" au "mama wa huruma". Watu walipenda. Walikuwa wanasema hakuna mtu wa kijiji hiki anayezikwa kabla ya kupita kwenye sikio la M'Arimi. Mimi niliyasikia maneno hayo nikanenepa.

Kuongeza kidogo ndiko kulikonipeleka kule kwingine. Nimeliona hilo sasa, nikiwa na mvi.

Hiyo siku mbingu ilikuwa safi na jua lilikuwa linachoma utosi. Cucu yako Wambeti, mama ya mama yako, alikuwa mgonjwa kwao Embu, na sisi tulijua. Nilitoka na redio mapema kwa sababu palikuwa na wageni, wachuuzi kutoka Muthara ambao hawakuwa wameniona nikifanya kazi. Nikapanda juu kabisa ya ile ngazi ya redio, kwenye stesheni za mbali, nikawawekea Wazungu wakiongea. Ndipo ukaja ule mvumo. Unaukumbuka, maana wewe ndiye uliyeuzungumzia Jumapili. Ni kama mahindi makavu yanamwagwa juu ya mabati. Ulipanda ukawameza Wazungu, ukashuka, ukapanda tena. Mgeni mmoja akauliza, "Mzee, huko ng'ambo kunanyesha?" Watu wakacheka. Nikasema ndiyo, huko ng'ambo ni msimu wa mvua. Sikujua ni nini, lakini sikuwa mtu wa kusema sijui.

Nikashuka kwenye stesheni ya kwetu, maana saa saba ilikuwa imefika. Hakuna mtu. Nikageuza kidogo, hakuna. Nikaenda kwenye ile ya jirani yake, hakuna. Nikapanda ngazi yote na kushuka ngazi yote. Nkirote, hata ile mikwaruzo ya kawaida ilikuwa imekwenda. Ilikuwa kama kuinama juu ya kisima kilichokauka.

Watu wananiangalia. Wageni wananiangalia. Sasa, sauti ikiwa ndogo nilikuwa na desturi ya kuiweka redio sikioni na kuwasikilizia wote. Basi nikaiweka sikioni. Nikainua mkono. Wakanyamaza. Na mimi, mwanangu, nikatikisa kichwa kama mtu anayesikia. Nikakunja uso. Nikasema "mm" mahali ambapo mtu husema "mm". Nikakaa hivyo muda ambao matangazo huchukua, halafu nikashusha redio nikasema, "Leo hakuna wetu. Nendeni mkale."

Wakati huo wote wewe ulikuwa umesimama mlangoni na bakuli la githeri langu. Ulikuwa umelishika kwa mikono miwili kwa sababu lilikuwa la moto, na ulikuwa unahamisha vidole. Meno yako ya mbele yalikuwa hayajaota yote. Nakumbuka vile vidole. Mkono wa tatu wa kugusa redio yangu ungeutoa wapi?

Mama yako akaja mbio kutoka shambani, jembe likiwa bado lina udongo.

"Baba Nkirote, kwetu je?"

"Kwenu salama."

"Umesikia vizuri?"

"Mimi? Nimesikia majina yote mpaka la mwisho."

Akashusha pumzi. Akasema, "Mungu ni mwema." Akarudi kupanda maharagwe, na tukamsikia akiimba huko chini wimbo wa kanisa. Jioni redio ilikuwa imerudi, polepole, kwanza zile stesheni za juu, halafu za kwetu, kama mgonjwa anayeketi kitandani. Nikafurahi. Nikajiambia hakuna kilichoharibika.

Siku zikapita, mjomba wako Njeru akaja. Alisimama kwenye lango, akakataa kiti, akakataa na chai. Mama yako alipoona viatu vyake vina tope la safari nzima, akaweka mikono kichwani kabla hajaambiwa.

"Tulikungoja," Njeru akasema. "Tuliweka sanduku juu ya viti pale uwanjani mpaka jua likaanza kuinama. Kasisi alikuwa na mazishi mengine. Tukasema dada anakuja, dada yuko njiani. Mwisho tukamzika."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Hatukukuambia? Tulitangaza! Embu nzima ilisikia. 'Habari ziwafikie binti yake aliyeolewa Kianjai, na mkwe wake M'Arimi.' Jina la huyu bwana lilisomwa kwenye redio, herufi kwa herufi!"

Nkirote, maisha yangu yote jina langu limesomwa kwenye redio mara moja tu. Watu wa Embu ambao hawanijui walilisikia. Mimi nilikuwa nimeshika redio sikioni, natikisa kichwa.

Wote wakageuka kuniangalia. Mama yako, Njeru, majirani waliokuwa wamesikia kelele. Mama yako akasema polepole, "Uliniambia umesikia mpaka jina la mwisho." Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Neno moja lingetosha: sikusikia. Ni neno dogo, hata mtoto wa nasari analiweza. Lilikuja mpaka kwenye meno, nikaona wale majirani, nikalimeza. Nikatafuta kwa macho kitu cha kuwapa. Nikakuona wewe.

"Ni huyu," nikasema. "Huyu mtoto aliichezea redio. Aligeuza kitufe nilipopumzika. Mimi nilisikiliza stesheni nyingine nikidhani ni ile."

Mama yako hakukupiga. Ningependa angekupiga. Viboko vinaisha, kesho yake mnakula pamoja. Alikuangalia tu. Wewe ndiye uliyebeba jina la mama yake, Wambeti, na kama ilivyo desturi alikuwa anakuita "mami" tangu siku ya kuzaliwa, maana mtoto aliyebeba jina la cucu ni cucu amerudi. Kuanzia siku hiyo akaanza kukuita Nkirote, kama majirani. Wageni walidhani ni kawaida. Mimi nilikuwa najua. Kila akiita "Nkirote!" kutoka jikoni, nilikuwa nasikia kitu kikifungwa.

Sasa uongo ni kama ng'ombe wa maziwa, ukishamnunua lazima umlishe. Nilitengeneza sanduku la mbao nikatia redio ndani, nikaweka kufuli. Watu wakiuliza, nasema, "Kuna watoto." Kila siku saa saba nafungua kufuli mbele ya watu, na kila nikifungua ni kama nimekushtaki upya. Watoto wa shule wakakupa jina, Zima Redio. Siku moja ulikuja umelia, sketi imechanika, nikakuuliza ni nini. Ukasema, "Hakuna kitu, baba." Nikasema sawa. Nikaenda kuangalia miraa yangu. Miraa haikuwa na shida yoyote.

Ukaenda sekondari, ukaenda chuo kikuu, na watu wakasema mtoto wa M'Arimi ana kichwa. Nilikubali kwamba kichwa hicho ni changu. Sokoni nilikuwa nawaambia, "Binti yangu anasomea jua. Anasikiliza jua likiongea." Baba Mwiti, yule jirani yetu mwenye maneno, akauliza, "Na yeye akiliuliza, linamjibu?" Nikamwambia, "Linamjibu, tena kwa Kimombo." Watu wakaanguka kwa kicheko. Nilirudi nyumbani nimevimba, halafu nikiwa peke yangu kwenye zizi nikajiuliza, huyu mtoto alianzia wapi kutaka kujua kwa nini redio hunyamaza? Nikajua ni wapi. Nilikuwa najivunia kidonda nilichokitia mwenyewe.

Nilikuwa na nafasi nyingi za kusema, na kila moja niliiita mapema mno au kuchelewa mno. Ulipofaulu, nikasema nisikuharibie furaha. Cucu yako mwingine, mama yangu, alipofariki hapa nyumbani na Njeru akaja, akakaa mbali nami, nikasema si leo, leo kuna msiba. Mtu mkaidi hakosi sababu. Sababu zangu zilikuwa nzuri zote, ungezisikia ungesifu.

Ndipo Jumapili. Mama yako alikuwa amechinja kuku, chai ipo, na wewe ukaamua kusema. Ulikuwa umejipanga kama mwalimu.

"Mama, kuna jambo nimesoma. Siku ile ya cucu, mimi nadhani lilikuwa jua."

Mama yako akaendelea kumimina chai. "Jua? Jua linaingia kwenye redio kwa mlango gani?"

"Haliingii kwenye redio. Juu ya jua kuna wakati hutokea mlipuko mkubwa, kama uji unaofura na kupasuka kwenye sufuria."

"Uji wa nani huo?"

"Mama, nisikilize. Mlipuko ule unafyatua chembe ndogo sana za umeme. Zikikimbia katika ile hewa ya moto inayolizunguka jua, hewa ile inalia, na kilio chake ni mawimbi ya redio. Kinaanzia kwenye stesheni za juu na kuteremka haraka kuja za chini, kwa sababu kadiri chembe zinavyoliacha jua ndivyo ile hewa inavyokuwa nyepesi. Ule mvumo tuliousikia, kama mahindi kwenye mabati, ndio huo. Jua ndilo lililokuwa linapiga kelele."

"Na ile stesheni ya matangazo kupotea?"

"Mlipuko huo huo unatoa miale isiyoonekana. Inafika hapa pamoja na mwanga, inapiga hewa ya juu kabisa, upande wa dunia wenye mchana. Masafa mafupi yanategemea kupanda huko juu ndipo yarudishwe chini kwetu. Siku hiyo yalipanda yakanyonywa, hayakurudi."

Mama yako si mjinga. Aliweka birika chini. "Na Embu hakukuwa na mchana? Mbona wao walisikia?"

Nilikuona ukitabasamu, mwalimu aliyeulizwa swali zuri. "Wao walishika masafa ya kati. Hayo mchana yanatambaa chini kama maji ya mfereji, hayaendi huko juu kuomba njia. Huku kwetu milima inayazuia, ndiyo sababu baba alitumia masafa mafupi."

Niliona uso wa mama yako ukianza kulegea, Nkirote. Ulikuwa umekaribia. Lakini wewe ni mtu wa kweli kupita kiasi, ukasema, "Ila ule mvumo peke yake hautoshi kuwa ushahidi. Si kila mvumo wa jua una mlipuko mkubwa nyuma yake."

"Kama baba yako," mama akasema, na wote tukacheka, hata mimi.

Halafu ukanigeukia. "Baba ndiye anayeweza kumaliza hili. Kama mkono wangu uligeuza kitufe, stesheni moja tu ndiyo ilipotea. Kama ni jua, zote za masafa mafupi zilinyamaza pamoja. Baba, wewe ndiye ulikuwa umeishika. Ilikuwa moja au zote?"

Mama yako aliniangalia. Na mimi nilikuwa na paja la kuku mkononi, miaka yote hiyo imenikalia kwenye shingo, nikaona kwamba nikisema "zote", swali litakalofuata ni, "Basi ulipotikisa kichwa ulikuwa unasikia nini?" Nikasema, "Moja. Ile ya Nairobi tu. Zingine zilikuwa zinaimba."

Nilitegemea ubishe. Una damu yangu, nilitegemea useme, "Baba, wewe ni mwongo." Ningekasirika, ningepiga meza, na labda ukweli ungetoka kwa hasira. Hukubisha. Ukasema, "Basi si jua. Labda ni mimi. Nilikuwa mdogo, labda niligusa nikasahau."

Na ukamgeukia mama yako ukasema, "Nisamehe, mama."

Uliomba msamaha kwa kosa langu, mbele yangu, nami nikaendelea kula. Huyo kuku bado yuko hapa kifuani, hajashuka. Macho yako mwenyewe yalikuambia hukugusa, miaka mingi ya shule imekuambia hukugusa, na bado ulichukua neno langu ukaliweka juu ya yote hayo kwa sababu mimi ni baba yako na ndiye niliyeshika redio. Wakati wa kuondoka mama yako akakupa ule mkono mkavu. "Safari njema, Nkirote." Ukapanda gari la Embu.

Basi jibu ndilo hili. Zote. Stesheni zote zilinyamaza. Kwanza ulikuja mvumo kwenye zile za juu, ukapanda na kushuka, halafu zote zikazimika pamoja, za Nairobi na za ng'ambo, hata mikwaruzo ikaisha. Zilikaa hivyo mchana mwingi. Ziliporudi, zilianza za juu, za chini zikafuata. Wewe hukugusa kitu. Mikono yako miwili ilikuwa kwenye bakuli. Sikusikia jina lolote siku hiyo, la kwanza wala la mwisho. Jua lilinyamazisha redio, hilo nakubali, na kama ni kesi jua lijibu la kwake. Lakini jua halikutikisa kichwa likasema "mm". Hilo nililifanya mimi.

Leo mchana nilimwambia mama yako. Alikuwa nyuma ya nyumba anapiga maharagwe kwa fimbo. Nilizunguka zunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, mpaka akauliza kama nimepoteza kitu.

"Mama Nkirote, ile redio."

"Redio gani? Ile iliyooza?"

"Ya siku ya mama yako."

Fimbo ikasimama juu. Nikasema yote, bila kuongeza, labda ni mara ya kwanza maishani mwangu nimesimulia jambo bila kuongeza. Nilimaliza, akauliza, "Zote?"

"Zote."

"Na mtoto?"

"Alikuwa ameshika bakuli."

"Kwa nini ulisema umesikia?"

"Watu walikuwa wananiangalia."

Hakulia. Alirudi kwenye maharagwe akayapiga. Akayapiga mpaka maganda yakawa vumbi na maharagwe mengine yakaruka mpaka kwenye mboga, na mimi nimesimama, siwezi kukaa wala kuondoka. Mwisho akasema, si kwangu, kwa ile fimbo, "Nilimnyima mtoto jina la mama yangu bure." Akaenda kuosha miguu.

Sasa hivi anafunga mzigo. Amemtuma mtoto wa Baba Mwiti akamwekee nafasi kwenye gari la kwanza la asubuhi. Amechukua asali ya mzinga wa juu, ile niliyokuwa naificha kwa ajili ya wazee, na sikusema neno. Atafika kwako Dallas kabla hujaondoka. Amesema mtapita kwanza kwa Njeru, mkasimame wawili kwenye kaburi la cucu, ndipo akutemee mate mikononi hapo hapo, halafu akusindikize mpaka Nairobi kwenye ndege. Hii barua ataibeba yeye. Ameniambia hataisoma, amesikia ya kutosha.

Nilitoa koti langu jeusi nikaanza kulipiga vumbi. Akanikuta nalo.

"Unakwenda wapi?"

"Si tunamsindikiza mtoto."

Aliniangalia bila hasira, hiyo ndiyo iliyoniuma. Akasema, "Siku ya kumzika mama yangu mimi nilibaki hapa, napanda maharagwe. Siku ya kumsindikiza mtoto na wewe utabaki hapa. Utakamua ng'ombe."

Ningeweza kubisha. Unajua navyoweza. Nimerudisha koti kwenye msumari.

Huko uendako wana yale masinia makubwa ya chuma yanayosikiliza, wewe ndiye uliyeniambia, na mtakaa mnangoja jua lipige kelele mjue kama kuna mlipuko. Kuna siku hamtasikia kitu, na mkubwa wako atakuwa amesimama nyuma yako, na wenzako wanakuangalia. Sema hukusikia. Jumapili ulisema "labda ni mimi" mbele ya kuku na chai, jambo ambalo mimi sikuliweza nikiwa mtu mzima mwenye redio na koti la ngozi. Wewe unaliweza. Sina cha kukufundisha hapo, nakukumbusha tu kwamba unaliweza.

Sikuombi unisamehe kabla ya ndege. Usiharakishe. Uliniomba jibu nikachelewa nalo, na wewe chukua muda wako.

Asubuhi, gari la mama yako likishaondoka, watakuja. Unawajua watu wa hapa. Baba Mwiti atakuwa wa kwanza, atasimama pale kwenye lango na kikombe chake cha kuomba maziwa, na wengine nyuma yake. "M'Arimi, mtoto anakwenda ng'ambo na wewe uko hapa unakamua ng'ombe? Kumetokea nini?" Nitaweka ndoo chini. Nitawaambia waite na wale waliokuwa uwanjani siku ile, wale ambao bado wako hai, na nitawangoja mpaka wafike wote ndipo nianze.

Ni mimi baba yako,
M'Arimi